Motokaa Kuukuu na Daftari Lake

Kila nijapo shuleni petu siku ya michezo hutokea jambo lile lile. Nikiisha kuiegesha motokaa yangu chini ya miti, kabla sijafunga mlango, wavulana kumi au zaidi huwa wamekwisha kuizunguka. Mmoja hupiga magoti atazame magurudumu, wa pili huchungulia dirishani kutafuta saa ya mwendo, na wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye mdogo kuliko wote, huuliza: "Mzee, yakimbia kiasi gani?" Miaka sita sasa naulizwa swali hilo, wala hata mvulana mmoja hajapata kuniuliza yanywa oili kiasi gani, au ina maradhi gani, au moshi wake ukoje. Mwezi uliopita alifika nyumbani kwangu kijana mmoja aliyemaliza masomo hapa si zamani sana, akitaka kuinunua. Naye aliuliza swali hilo hilo. Kwa hiyo nimeona yafaa niandike katika gazeti letu majibu ya maswali yasiyoulizwa.

Motokaa yenyewe ni Subaru Impreza yenye tabo, iliyotengenezwa Japani mwaka 1998. Injini yake ni ya lita mbili. Silinda zake nne hazikusimama wima kama za magari mengi, bali zimelala, mbili kushoto na mbili kulia, na pistoni zake huenda na kurudi kama ngumi za mabondia. Mabomba yanayotoa moshi katika silinda hizo hayalingani urefu, na ndiyo sababu yanguruma kwa kukatizakatiza, sauti ambayo wavulana huitambua kabla sijafika langoni.

Sifa yake si ya bure. Kwa motokaa ya namna hii Colin McRae wa Scotland alipata ubingwa wa dunia wa mashindano ya rally mwaka 1995, na Subaru wenyewe wakautwaa ubingwa wa watengenezaji miaka mitatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997. Sisi wa Afrika ya Mashariki twaikumbuka zaidi kwa Safari Rally. Patrick Njiru wa Kenya aliiendesha akawa wa nne mwaka 1994, McRae akashinda mwaka 1997, na Richard Burns akashinda mwaka 2000. Hapa kwetu nako, katika Rwanda Mountain Gorilla Rally, Impreza zimetimua vumbi mara nyingi, nami nimepata kusimama kando ya barabara za Bugesera nikirudi nyumbani na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Hapana shaka hapo ndipo nilipopata ugonjwa huu. Lakini motokaa ya McRae ilikuwa na kundi la mafundi wakiingoja kila kituo. Yangu ina fundi mmoja, tena huyo ni wangu siku za Jumamosi tu.

Yanipasa nieleze kidogo habari za tabo, maana wengi hulitaja jina lake bila kujua kazi yake. Moshi utokao katika injini una joto kali na nguvu nyingi, na katika magari ya kawaida nguvu hiyo hupotea bure. Tabo huikamata. Moshi huzungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo limeunganishwa kwa mtaimbo na jingine linalovuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli nayo huweza kuzidi, na nguvu huongezeka. Katika mji wetu jambo hili lina faida ya pekee. Kigali iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,500 na zaidi, na hewa ya huku ni nyepesi, imepungua kadiri ya sehemu moja katika saba ikilinganishwa na ile ya Mombasa au Dar es Salaam. Gari lisilo na tabo huhema likipanda kilima. Langu hupanda bila kulalamika, kwa sababu hujitengenezea hewa ya pwani.

Lakini faida hiyo hulipiwa. Magurudumu yale mawili huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika moja, na mtaimbo wake haushikwi na kitu ila utando mwembamba wa oili. Oili ikipungua, au ikichakaa, au ikiungua kwa joto, tabo hufa, na mara nyingi vipande vyake huzidi kuharibu vingine. Kwa hiyo asubuhi siiamrishi motokaa yangu kupanda kwa nguvu mpaka oili imepata joto, na jioni nikifika kutoka mwendo mrefu siizimi papo hapo, bali naiacha ingurume polepole kwa dakika moja au mbili ipoe. Jirani zangu hudhani nasikiliza redio. Oili naibadili kila baada ya kilomita 5,000, na kijiti cha kuipimia nakivuta kila Jumapili. Kuna na ule mkanda wa meno unaoziendesha valvu. Ukikatika njiani, valvu na pistoni hugongana, na hapo si matengenezo tena bali ni mazishi. Mtu aliyeniuzia hakujua umebadilishwa lini. Niliubadilisha juma lile lile, na fedha iliyotumika ilizidi mshahara wangu wa mwezi mmoja.

Yote haya nayaandika katika daftari la shule la kurasa 96, tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika na gharama yake. Nilianza siku niliyoinunua, na sasa niko katika kurasa za mwisho.

Kwa habari ya mbio, jibu ni fupi. Motokaa hii iliumbwa kwenda zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Mahali pengi mjini Kigali kikomo ni kilomita 60, na kamera zatazama. Basi yangu yakimbia kilomita 60 kwa saa, sawasawa na Corolla ya jirani yangu, ila yangu hunywa petroli karibu mara mbili. Na zile Jumapili ambazo barabara kubwa za mji hufungwa asubuhi ili watu watembee na kukimbia kwa miguu, desturi iliyoanza mwaka 2016, haikimbii hata kidogo.

Jambo jingine ambalo wavulana hawalifikiri ni usukani. Rwanda twapita upande wa kulia wa barabara. Uganda, Tanzania, Kenya na Japani wote hupita kushoto. Tangu miaka ya 2000 hapa kwetu hayaruhusiwi magari madogo yenye usukani wa kulia kuingizwa nchini. Maana yake ni kwamba motokaa ya Kijapani niliyo nayo haikutoka Japani moja kwa moja, bali ilipitia Ulaya, ilikouzwa ikiwa mpya na usukani wake kushoto. Injini ni ile ile, na vipuri vya injini naweza kuagiza Kampala au Nairobi, ambako Subaru ni nyingi kama nyuki. Lakini reki ya usukani ya Nairobi haiingii. Taa za mbele zaingia, na hapo ndipo mtu hudanganyika, kwa maana taa ya gari la kupita kushoto humulika zaidi upande wake wa nje, na huku kwetu upande huo ndio wenye macho ya dereva anayekuja. Nimewaona watu wamezifunga wakafurahi kuwa wamepata kwa bei nafuu. Reki yangu mimi niliingoja miezi minne kutoka Ubelgiji, nikipanda basi, na pikipiki nikichelewa.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Chini ya kila motokaa ya siku hizi, katikati ya bomba la moshi, huwa na kibweta cha chuma kiitwacho katalisti. Ndani yake mna vitundu vingi kama sega la nyuki, vilivyopakwa madini ya thamani kama platinamu, na moshi ukipita humo sumu yake nyingi hugeuzwa. Wapenda mbio hukiondoa. Husema kwamba chaiziba tabo pumzi, na ni kweli kwamba kikitoka nguvu huongezeka kidogo na sauti huongezeka sana. Madini yake nayo yana wanunuzi. Nilipoinunua motokaa yangu katalisti haikuwamo. Mahali pake palikuwa na bomba tupu, na bomba la nyuma lilikuwa pana kama mtungi. Nami, nisiwafiche, nilifurahi.

Ukaguzi ulipofika moshi ukapimwa, nikarudishwa. Katalisti mpya niliyoulizia bei ilipita mishahara yangu miwili. Pale gereji, si kwa fundi wangu wa leo, nikaambiwa kuna njia. Wanayo moja ya kuazimwa. Hufungwa asubuhi, gari hupelekwa kukaguliwa, na jioni hufunguliwa ikangoje mteja mwingine. Nilikubali. Nilipita ukaguzi, nikarudi nyumbani nikinguruma kama kawaida. Usiku nikafungua daftari kuandika kazi ya siku ile, nikashindwa. Niliandika tarehe na maneno mawili, "Ukaguzi: imepita." Sehemu ya kazi iliyofanyika nikaiacha nyeupe.

Najua ya kuwa wanafunzi wa zamani wenye motokaa za namna hii, nasi si haba, watasema hoja waliyozoea kuisema: moshi wa kigari kimoja ni nini mbele ya malori na mabasi makuukuu? Nami niliisema hoja hiyo mwaka mzima. Lakini basi huwachukua watu sabini kwenda kazini, na lori huleta mchele. Motokaa yangu humchukua mtu mmoja na majivuno yake. Hatuwezi kudai haki sawa na basi. Tena mji wetu ni wa vilima na mabonde, na sauti haipotei. Atakayekanyaga petroli usiku huko Rebero husikika Gikondo. Humo mabondeni wamo wagonjwa, na watoto wachanga, na wanafunzi walio na mtihani kesho. Ninyi mlalao bwenini mwajua ninalolisema, maana mmoja wenu aliniambia bila haya kwamba hupenda kuisikia motokaa ikipita saa nne za usiku. Nilimwuliza kama mwenzake wa kitanda cha juu naye hupenda. Hakunijibu.

Sisemi kwamba magari makuukuu yatupwe. Chuma na kazi iliyotumika kuliunda gari jipya si kidogo, na gari lililotunzwa vema lina haki ya kuishi. Nasema kwamba anayetaka kuendelea nalo alipe gharama yake yote, na katalisti imo katika gharama hiyo. Tangu mwaka 2025 upimaji wa moshi umekazwa zaidi nchini, na nasikia wenzangu wakilalamika barazani kwamba serikali yatuonea. Siungi mkono. Tuliozoea kuazima vibweta ndio tuliowafanya wengine waamini kwamba kila motokaa yenye tabo ni uchafu na ujambazi, na siku ikitolewa amri ya kuzikataza kabisa tusiulize imetoka wapi.

Mwaka uliofuata nililiuza lile bomba pana, nikauza na magurudumu ya fahari, nikaongeza akiba ya miezi mitano nikanunua katalisti. Fundi wangu wa sasa aliifunga Jumamosi moja. Alipomaliza akaiwasha, akasikiliza, akasema, "Mzee, sasa yasema kwa adabu." Nguvu imepungua kidogo. Kwa kilomita 60 kwa saa sijaona tofauti.

Kijana aliyekuja kununua aliona tofauti mara moja. Uso ulimwanguka aliposikia sauti, akaniuliza kama ile ya zamani yaweza kurudishwa. Nikamwambia habari za mkanda, na reki, na taa, na oili, na kwamba klachi imebakiza labda mwaka mmoja. Akanitazama kama mtu asiyetaka kuuza. Kusema kweli sijui kama nataka. Nimepata umri ambao kuingia katika kiti kile cha chini ni kazi, na kutoka ni kazi zaidi. Lakini nikiiuza kwa kunyamaza, nitakuwa nimemwuzia mwenzangu kile nilichouziwa mimi.

Kwa hiyo nilimpa lile daftari akalisome kwanza, kisha aje tuseme bei. Kabla sijampa nilitafuta ule ukurasa wenye mahali peupe, nikajaza kwa wino wa rangi nyingine: "Katalisti ya kuazima. Ilifungwa asubuhi, ikafunguliwa jioni." Akaliweka katika mkoba, akapanda pikipiki akaenda zake. Leo ni juma la tatu, naye hajalirudisha.