Kufuli jipya, paswedi ya zamani: tusidanganyane

Leo naomba tuongelee meinfremu, yale makompyuta makubwa yanayobeba hesabu za mabenki na serikali. Mtaani wanasema hayo hayaguswi na wahuni. Si kweli.

Mwaka 2012 huko Sweden iligundulika meinfremu za kampuni ya Logica zimeingiliwa, na faili la paswedi limenyakuliwa. 2013 mahakama ikamtia hatiani Gottfrid Svartholm Warg, mmoja wa waanzilishi wa The Pirate Bay.

Mlinzi wa meinfremu hizo ni RACF, programu ya IBM ya tangu 1976. Kwa miaka mingi ilificha paswedi kwa DES, njia iliyopitishwa rasmi Marekani 1977. Mwisho herufi 8, na zamani kubwa na ndogo zilikuwa sawa tu. Piga hesabu: herufi 26, tarakimu 10, alama 3. Unapata paswedi kama trilioni 5.3. Nyingi eeh? Mashine inayojaribu bilioni moja kwa sekunde inazimaliza kwa dakika 90 hivi!

Mwaka 2014 IBM wakaleta KDFAES. Hii inarudiarudia hesabu mara nyingi makusudi, ili mwizi wa faili achoke.

Sasa kasheshe: mfumo haujui paswedi yako, unayo ile alama iliyofichwa tu. Utaibadilishaje bila kuwafungia nje maelfu ya watu Jumatatu asubuhi? IBM wakaacha njia mbili. Ya kwanza, paswedi ya zamani inaendelea kukubaliwa kwa DES mpaka mwenyewe aibadilishe. Ya pili, msimamizi anatoa amri ya PWCONVERT, ile alama ya DES inavikwa gamba jipya, mtumiaji hajui kitu.

Nawapa tano. Ila mimi wa fomu foo naona mtego hapa. Ukingoja watu wabadilishe, kuna akaunti za programu ambazo paswedi zake hazibadilishwi miaka nenda rudi. Hizo ndizo zinabaki na kufuli bovu. Na hata ukizivika gamba, nakala ya akiba ya mwaka juzi bado ina DES ileile. Aliyeiba hiyo anaingia kwa paswedi ileile!

Kwa hiyo: vika gamba leo, halafu lazimisha kila mtu abadilishe, programu nazo. Kuwasha njia mpya na kwenda kulala ni kujidanganya.

Nawasilisha. Mdau unasemaje? Mwaga maoni hapo chini.