Nyumba Isiyo na Daftari

Zamani katika nyumba nyingi za Wakristo wa Marekani palikuwa na Biblia moja kubwa, nzito, ambayo haikuwa ya mtu mmoja bali ya jamaa nzima. Katikati yake, baina ya Agano la Kale na Agano Jipya, wapiga chapa walitia kurasa chache zenye mistari mitupu na vichwa vitatu tu: waliozaliwa, waliooana na waliokufa. Baba au mama alichovya kalamu katika wino akaandika jina la mtoto, siku na mwaka. Mtoto akifa, na hilo liliandikwa pia, aghalabu kwa mkono ule ule. Kitabu kikarithiwa, mwandiko ukabadilika, majina yakaendelea.

Leo twataka kuzungumza na wasomaji wetu wa pwani juu ya kurasa hizo, na juu ya desturi nyingine iliyo jirani yake katika nyumba za Kikristo, yaani wazazi kuwasomesha watoto wao wenyewe nyumbani. Huenda msomaji akauliza, yatuhusu nini sisi Waislamu? Na avute subira kidogo.

Vita vya Wamarekani vya kujitoa katika utawala wa Waingereza vilianza mwaka 1775 vikaisha 1783. Ilipofika mwaka 1836 serikali yao iliwaruhusu baadhi ya wajane wa askari wa vita hivyo kudai pensheni, na mwaka 1838 ikawaongeza wengine. Lakini sharti lilikuwa gumu. Mjane alitakiwa athibitishe kwamba aliolewa na askari huyo, na aliolewa lini. Sehemu nyingi za nchi wakati wa ndoa hizo hazikuwa na ofisi ya kuandikisha ndoa, na mashahidi wengi walikwisha kuzikwa. Bibi wa miaka sabini au themanini angefanya nini? Wengi walifungua ile Biblia, wakauchana ukurasa wa majina, wakaupeleka Washington pamoja na madai yao. Kurasa hizo zimo mpaka leo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani, ndani ya majalada ya pensheni. Aliyekubaliwa alipata riziki yake, lakini wajukuu wake walibaki na kitabu kilichochanwa.

Msomaji wa Mombasa, wa Malindi au wa Lamu hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa miaka mingi kijana wa Kiislamu wa pwani aliyetimiza miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho amekuwa akiulizwa karatasi ambazo kijana wa sehemu nyingine hakuulizwa. Cheti chako kiko wapi? Cha baba je? Babu alizaliwa wapi? Akaketishwa mbele ya wazee akahojiwa juu ya ukoo wake kama kwamba ameshuka jahazini jana. Dhuluma hiyo ni ya wanaouliza, na tumekwisha kuisema na tutazidi kuisema. Lakini liko jambo lililo mikononi mwetu. Ni nyumba ngapi za Waislamu hapa pwani ambamo mtu anaweza kutoa daftari na kusema, haya, someni, babu yangu amezaliwa mwaka huu, mtaa huu, na aliyeandika ni baba yake?

Twaona ni chache mno. Na hili ni ajabu, kwani watu wetu ni watu wa kalamu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika sura ya al-Baqara, yahusu kuandikiana madeni. Wazee wetu wakasema mali bila daftari hupotea bila habari, na muuza duka yeyote wa Kibokoni aweza kukuonyesha nani anadaiwa sukari. Deni la ratili mbili limeandikwa. Kuzaliwa kwa bibi hakukuandikwa. Ukimuuliza bibi umri wake atakwambia alizaliwa mwaka wa njaa fulani, au alikuwa msichana mdogo meli fulani ilipotia nanga.

Sasa turudi kwa wale Wakristo. Jambo linalotuvutia kwao si kule kuwa na kitabu tu, kwani kitabu chaweza kukaa kabatini kikaliwa na mchwa. Ni kwamba baadhi yao waliifanya nyumba yenyewe kuwa mahali pa kusoma, na mahali pakisomwa pana kalamu, na palipo na kalamu habari huandikwa zenyewe.

Alikuwapo mwalimu mmoja Mwingereza, Charlotte Mason, aliyezaliwa mwaka 1842 akafa 1923. Hakuolewa wala hakuzaa, lakini wazazi wachache wa wakati wake walifikiri juu ya malezi kama alivyofikiri yeye. Mwaka 1886 alitoa kitabu chake juu ya elimu ya nyumbani, na mwaka 1892 akafungua chuo katika mji wa Ambleside cha kuwafunza wanawake kazi ya kusomesha watoto. Alikuwa mcha Mungu wa Kanisa la Uingereza, na yeye alisema kwamba masomo ya mtoto mdogo yawe mafupi, dakika kumi na tano au ishirini kila moja, yaishe asubuhi, na alasiri mtoto aachwe nje aone miti, ndege na wadudu, kisha avichore katika daftari lake mwenyewe. Kitabu kisomwe mara moja tu. Kisha mtoto asimulie alichosikia, kwa maneno yake, bila kuulizwa maswali. Baadaye wafuasi wake wakaongeza daftari la karne, ambalo mtoto hulipa kila karne kurasa zake, na kila akisoma jambo la kale hulitia mahali pake, mwaka baada ya mwaka, mpaka awe mtu mzima.

Mama wa pwani atacheka akisikia kwamba kusimulia ni ugunduzi wa Waingereza. Hadithi, hadithi, nani hakuianza hivyo kwa bibi yake? Tofauti ni kwamba kwetu bibi ndiye msimulizi na mtoto ni msikilizaji mpaka usingizi umchukue. Kwao mtoto ndiye anayerudisha hadithi, na mama ndiye anayenyamaza akasikiliza. Hilo ni jambo dogo, lakini mtoto aliyezoea kurudisha habari neno kwa neno, huyo ndiye atakayejua kesho babu yake alikuwa nani.

Katika Marekani mtindo huu ulipata nguvu mpya baada ya mwaka 1984, mwandishi Susan Schaeffer Macaulay alipotoa kitabu cha kuwakumbusha Wakristo juu ya mafundisho ya Charlotte Mason. Kabla ya hapo wazazi waliowatoa watoto shuleni waliweza kushtakiwa katika majimbo mengi. Walishindana mahakamani na katika mabunge ya majimbo, na ilipofika mwaka 1993 majimbo yote 50 yalikuwa yameruhusu. Serikali yao ilikadiria mwaka 1999 kwamba watoto 850,000 walikuwa wakisomeshwa nyumbani, na mwaka 2012 wakakaribia milioni moja na laki nane. Si wote walio Wakristo, ingawa wazazi wengi walitaja dini na tabia njema miongoni mwa sababu zao.

Jimbo moja, Pennsylvania, liliweka sheria mwaka 1988 ambayo sisi twaipenda kuliko nyingine zote. Mzazi anayemsomesha mwanawe nyumbani hulazimika kuweka orodha ya vitabu mtoto alivyosoma, ikiandikwa kadiri masomo yanavyoendelea, pamoja na mifano ya kazi za mtoto mwenyewe: insha, hesabu, michoro. Mwisho wa mwaka mtu mwenye ujuzi wa elimu huyakagua hayo na kuzungumza na mtoto. Shabaha ya serikali ilikuwa kuhakikisha mtoto anasoma kweli. Lakini tazama lililopatikana. Kila nyumba ya namna hiyo yabaki na jalada la kila mwaka la utoto wa kila mtoto: mwandiko wake alipokuwa na miaka minane, kitabu alichokuwa akikisoma, ndege aliyemchora. Mchungaji hana, mwalimu mkuu hana. Limo nyumbani.

Hatusemi mambo yao yote ni mazuri. Mzigo wa kusomesha huangukia mama karibu wote, pamoja na kupika na kufua. Wako watoto waliofungiwa wasichanganyike na wenzao, wakakua hawajui kuishi na asiyefanana nao. Na yako majimbo, kama Texas, ambako mzazi hahitaji hata kuiarifu serikali kwamba mtoto anasoma nyumbani. Mtoto anayetendewa vibaya katika nyumba kama hiyo nani atamwona? Ujerumani wamekwenda upande wa pili kabisa, mtoto sharti aende shule. Hapa Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamlazimu mzazi amwandikishe mtoto shuleni na ahakikishe anahudhuria, na sisi hatumshauri mtu yeyote amtoe mwanawe darasani. Watoto wa pwani wamekosa shule vya kutosha.

Tunalolisema ni saa moja ya jioni na daftari moja. Nalo si jambo la kuazima kwa Wakristo, ila tumeliona kwao likatukumbusha letu. Mwana Kupona binti Mshamu, mwanamke wa Pate, mkewe Bwana Mataka wa Siyu, alipokuwa mgonjwa mnamo mwaka 1858 alimwita binti yake mdogo, akamtaka aketi karibu na wino na karatasi, akamtungia utendi. Watu hubishana siku hizi juu ya wasia wake kuhusu mume na nyumba, na wana haki ya kubishana. Lakini wengi hupita haraka pale mwanzo, ambapo mama anamsomesha mwanawe nyumbani na darasa lenyewe linaandikwa. Mama alifariki yapata miaka miwili baadaye. Wino ule ndio uliotufikisha sisi kwake.

Na iko habari nyingine ya upande ule ule wa Lamu. Khabari za wafalme wa Pate zilikuwa zimeandikwa katika kitabu, na kitabu hicho kilipotea Waingereza walipoipiga Witu mwaka 1890. Zilizotufikia zilitoka kifuani mwa Bwana Kitini, yaani Muhammad bin Fumo Omar, Mnabahani, ambaye alizisikia kwa babu yake. Alizisimulia, wengine wakazinakili, na mwaka 1913 Mwingereza Stigand akapiga chapa tafsiri yake. Tumshukuru Bwana Kitini. Hata hivyo wataalamu wakizilinganisha nakala zilizotoka kwake huona miaka haikubaliani mahali pengi. Kifua kilihifadhi majina na visa. Hesabu ya miaka iliungua pamoja na karatasi.

Shule zilipofungwa kwa ajili ya korona mwezi wa Machi 2020, na wanafunzi wengi wasirudi darasani mpaka Januari 2021, madrasa nazo zilifungwa. Wazazi wengi walijikuta, kwa mara ya kwanza, wakiwasikiliza watoto wao kusoma juzuu sebuleni. Wengine waligundua mtoto hajui herufi alizodhaniwa kuzijua tangu mwaka juzi. Wengine waligundua kwamba wao wenyewe waweza kufundisha. Milango ya shule ilipofunguliwa, karibu kila mmoja alishusha pumzi akamrudisha mwalimu kazi yake yote. Saa ile ya jioni ikarudishwa kwa televisheni na simu.

Na irudishwe kwa watoto. Mtoto wa miaka kumi apewe daftari lenye jalada gumu na kalamu ya wino, kwani penseli hufutika. Aketi na bibi yake baada ya Isha, amuulize jina lake kamili na la baba yake na la babu yake, alizaliwa mtaa gani, alisoma chuo cha mwalimu gani, aliolewa mwaka gani, nani alisoma khutuba ya ndoa, watoto wangapi alizaa na wangapi aliwazika. Mwaka wa njaa utafutwe ulikuwa mwaka gani. Tarehe ziandikwe mbili, ya Kiislamu na ya Kizungu, maana ofisi yajua moja tu na bibi huenda ajua ile nyingine. Na lugha ya bibi isisahihishwe. Akisema Kiamu au Kimvita kiandikwe vivyo hivyo.

Yasiandikwe ndani ya msahafu. Wako wazee waliofanya hivyo kwa kukosa karatasi, na nia yao ilikuwa njema, lakini maulamaa huchukia kitu kisicho Qur'ani kuingizwa humo, na tena karatasi leo si ghali. Daftari liwe mbali na msahafu, na liwe mbali na paa linalovuja.

Kisha linakiliwe. Nakala moja ikae kwa mtoto wa kiume aliyebaki nyumbani, na moja iende na binti aliyeolewa mji mwingine, Mambrui au Vanga au popote. Na siku afisa atakapotaka kuona, apelekewe picha ya ukurasa, si ukurasa wenyewe.