Shauri la Dover: Mipaka ya Bodi ya Shule katika Somo la Sayansi

Mgogoro uliozuka katika mji mdogo wa Dover, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, ungali unatajwa kila yanapojadiliwa mamlaka ya bodi za shule juu ya masomo. Kilichobishaniwa hakikuwa kuwapo kwa Mungu, bali ni nani anayeamua lipi lifundishwe kama sayansi.

Oktoba 18, 2004, Bodi ya Shule iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba wanafunzi wa biolojia wajulishwe mapungufu ya nadharia ya mageuko ya Charles Darwin, pamoja na fundisho la usanifu wa akili, linalodai kuwa utata wa viumbe ni ushahidi wa kuwapo kwa msanifu mwenye akili. Wajumbe wawili waliopinga walijiuzulu.

Desemba mwaka huo, wazazi 11 walifungua shauri wakidai kuwa uamuzi huo unakiuka Katiba, inayokataza serikali kuipendelea dini. Walimu wa biolojia nao walikataa kusoma tamko la Bodi darasani. Januari 2005, viongozi wa utawala walilisoma wenyewe.

Jaji John E. Jones III, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, alianza kusikiliza shauri hilo Septemba 26, 2005. Ushahidi mzito ulitoka katika rasimu za kitabu kilichopendekezwa kwa wanafunzi. Baada ya Mahakama ya Juu kubatilisha, mwaka 1987, sheria ya Louisiana iliyotaka uumbaji ufundishwe sambamba na mageuko, maneno ya uumbaji katika rasimu hizo yaliondolewa na mahali pake pakawekwa usanifu wa akili.

Wananchi hawakungoja hukumu. Katika uchaguzi wa Novemba 8, wajumbe wote 8 waliotetea nafasi zao walishindwa. Desemba 20, Jaji Jones alitoa hukumu ya kurasa 139: usanifu wa akili si sayansi, na sera ya Bodi ilikiuka Katiba. Hata hivyo, alisema Mahakama haikuwa na msimamo kuhusu ukweli wa fundisho lenyewe.

Bodi mpya haikukata rufaa. Ilikubali kulipa zaidi kidogo ya dola milioni 1 za gharama za mawakili wa wazazi. Hivyo, uamuzi uliopitishwa bila ridhaa ya walimu wa somo uliwaachia wakazi wa Dover deni, huku imani ya kila mmoja wao ikibaki pale ilipokuwa.