Sanduku lisikuvunje mgongo

Wengi wetu tunaposafiri ng'ambo hununua sanduku kwa macho. Likiwa kubwa, gumu na linang'aa, basi tunalilipia. Huo ni ununuzi mbaya.

Mashirika mengi ya ndege humruhusu abiria wa daraja la kawaida kilo 23 kwa kila sanduku. Sanduku gumu la kilo 5 limekwisha kula zaidi ya sehemu moja kwa tano kabla hujatia hata soksi. La kitambaa lenye kilo 3 hukuachia kilo 2, yaani pakiti nzima ya unga ambayo mwanao huko Marekani anaingojea.

Mashirika mengi pia hukataa mzigo mmoja uliozidi kilo 32, hata ukiwa tayari kulipa, ili kulinda migongo ya wapakiaji. Na wako je? Safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York huchukua takriban saa 14. Ukishuka, misuli imekakamaa, na papo hapo unalivuta sanduku kutoka kwenye ukanda! Heri masanduku mawili mepesi yenye magurudumu, ikiwa tikiti inaruhusu.

Kwa wenye kisukari, insulini isitiwe sandukuni kamwe. Baridi ya chumba cha mizigo yaweza kuigandisha, na ikiganda haifai tena. Iweke katika mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari. Tembe za shinikizo la damu nazo zikae humo humo, kwani sanduku likipotea, dozi ya jioni haingoji.