Usiuze mtamba kwa ajili ya dola za matangazo

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Nyamwaga alinifuata nyumbani, Tarime mjini, akiwa na swali ambalo siku hizi naulizwa mara kwa mara. "Kaka, wewe umesoma uchumi. Mama amekubali tuuze mtamba ninunue kompyuta, nifungue tovuti. Nimeambiwa matangazo yanalipa kwa dola. Ni kweli?"

Nilimjibu kuwa ni kweli yanalipa, lakini mtamba yule akitunzwa vizuri huenda akazaa na kukamuliwa kabla tovuti haijatoa malipo ya kwanza. Alicheka, ila hakuridhika, na sina budi kukiri kuwa jibu langu lilikuwa la utani kuliko la kitaalamu. Tukachukua kalamu na karatasi tukapiga hesabu. Hesabu hiyo ndiyo ninayotaka kuiweka mbele yako, ndugu msomaji, kwa kuwa naamini si mtamba huyo peke yake anayesubiri kuuzwa.

Biashara yenyewe inakwenda hivi. Wewe unaandika habari kwenye tovuti yako. Google, kupitia mpango wake wa AdSense ulioanza mwaka 2003, inaweka matangazo ya watu wengine kando ya habari hizo. Mwenye tangazo anailipa Google, nayo inakugawia fungu lako. Kwa miaka mingi fungu hilo lilikuwa asilimia 68, na malipo yalitegemea zaidi idadi ya wasomaji waliobonyeza tangazo. Novemba 2023 kampuni hiyo ilitangaza mabadiliko, na tangu mwanzoni mwa 2024 malipo yanahesabiwa kwa tangazo kuonekana, si kwa kubonyezwa.

Wapo vijana walioyapokea mabadiliko hayo kwa shangwe wakidhani mvua imenyesha. Mimi sioni kama yamembadilishia hali mtu wa Tarime, kwa sababu kinachopanga bei ni nani anayesoma. Kila ukurasa unapofunguliwa, mnada unafanyika ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na wenye matangazo wanamgombea msomaji huyo. Mtu aliyeko Chicago anayetafuta safari ya kuja Serengeti anagombewa sana, maana safari moja ni maelfu ya dola. Mfugaji wa Nyamongo anayetafuta dawa ya kupe hagombewi, na si kwamba hana pesa. Muuza dawa ya kupe wa Tarime hayumo kabisa kwenye mnada huo! Anayebaki kununua nafasi ile ni mtu wa mbali asiyemhitaji mfugaji wetu, na analipa senti.

Tukakadiria kwamba matangazo 1,000 yakionekana yanaleta nusu dola. Malipo hayatoki mpaka zifike dola 100, kwa hiyo yanahitajika matangazo 200,000. Ukiweka mawili kwenye kila ukurasa, kurasa zako lazima zifunguliwe mara 100,000. Ukitaka hiyo itimie ndani ya mwezi mmoja, ni zaidi ya mara 3,300 kila siku. Mkoa mzima wa Mara, katika sensa ya 2022, ulikuwa na watu 2,372,015, na wengi wao hawana sababu ya kufungua ukurasa wa kijana wa Nyamwaga leo, kesho na keshokutwa. Tukihesabu dola kwa Sh2,500, jasho lote hilo ni Sh250,000, kabla ya bando na umeme.

Wajanja husema watawaomba rafiki zao wabonyeze matangazo au wafungue kurasa bila kuchoka. Hilo ni kosa kwa masharti ya mpango wenyewe, na adhabu yake ni akaunti kufungwa. Kuna na jambo dogo la posta: salio likifika dola 10, hutumwa barua yenye namba ya siri ili kuhakikisha anuani yako. Nawajua watu wa vijijini waliolazimika kuazima sanduku la shule ili dunia ya kidijitali iwatambue.

Narudi kwenye mnada. Mkulima aliyewahi kulazimishwa kufunga gunia la lumbesa anajua hatari ya kuuza mahali ambapo mnunuzi ndiye mwenye mizani. Aprili 2025 Jaji Leonie Brinkema wa mahakama ya shirikisho katika jimbo la Virginia, Marekani, aliamua kuwa Google ilijijengea ukiritimba kinyume cha sheria katika masoko mawili: lile la chombo ambacho wenye tovuti hutumia kuuza nafasi za matangazo, na lile la mnada wenyewe. Katika mnada huo kampuni ilikuwa ikikata takriban asilimia 20. Kesi ilihusu hasa wachapishaji wakubwa, wenye wanasheria na wahasibu. Kama hao walilalamika kwamba hawaoni mizani vizuri, wa Nyamwaga ataionaje?

Lakini matangazo hayakuanza na mnada huo. Issa Michuzi, mpiga picha wa Daily News, alipofungua blogu yake mwaka 2005, matangazo yaliyokuja kujaa pembeni mwake yalikuwa ya makampuni ya hapa hapa nchini. Mwenye tangazo alimjua mwenye blogu, na mwenye blogu aliwajua wasomaji wake. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya pesa hizo sasa imehamia Instagram na YouTube, na anayetaka kurudia njia ile kwa habari za kitaifa atakuta wakubwa wameshakaa. Kwa habari za wilaya moja, hata hivyo, viti bado vipo.

Wenzetu wa Mugumu na Robanda wana nafasi ambayo Tarime hatuna, kwa sababu wanaweza kuandika kwa Kiingereza kwa ajili ya yule mtu wa Chicago. Zamani ningewaambia waandike lini nyumbu wanavuka Mto Mara kule Kogatende, kisha wangoje malipo. Leo siwezi. Mei 2024 Google ilianza huko Marekani kuweka jibu lililotungwa na akili mnemba juu ya orodha ya tovuti, na msomaji akishapata jibu pale juu, mara nyingi hana haja ya kushuka kwako. Tovuti ya Mugumu itamfaa mwenye nyumba ya wageni, muuza asali au kijana anayetembeza wageni kijijini, aitumie kuuza chake mwenyewe. Mgeni mmoja akilala usiku mmoja anaweza kuzidi mapato ya miezi mingi ya matangazo.

Kwa Tarime nilimshauri kijana aandike kitu ambacho hakiwezi kutungwa na mtu asiyefika hapa: bei ya mahindi, maharage na ndizi upande wa Sirari na upande wa Isebania, kila siku ya soko, pamoja na thamani ya shilingi ya Kenya siku hiyo. Mfanyabiashara wa mazao atafungua ukurasa huo kila wiki, awe na watu wenzake 300 tu. Hao 300 kwenye mnada wa dunia ni kama hawapo. Kwa mwenye duka la pembejeo, au mwenye lori la kukodisha, ndio wateja wenyewe. Maduka matatu yakilipa Sh20,000 kila moja kwa mwezi ni Sh60,000, bila kusubiri dola 100 na bila barua ya posta.

Atakayegusa habari na siasa aulizie kwanza leseni TCRA. Kanuni za 2018 zilianza na ada ya Sh1 milioni, juu yake Sh100,000 za maombi. Ada zilipunguzwa baadaye, lakini hazikukusudiwa mtu anayeanza na mtamba mmoja.

Kijana hakununua kompyuta. Anatumia simu, anakwenda Sirari na daftari, na bei anazipeleka kwanza kwenye kundi la WhatsApp la wanunuzi wa mahindi huku ukurasa ukijengwa taratibu. Duka moja limekubali kumlipa Sh15,000 kwa mwezi. Ameniambia malipo ya mwezi wa kwanza yalichelewa siku tisa, na mwenye duka la pili anataka kwanza aone kama hizo bei zitaendelea kutoka mvua zikianza na barabara ikiharibika.