Wanafunzi wa historia waje vijijini, wazee wanakwisha

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe dukuduku langu juu ya masomo ya historia wanayofundishwa vijana wetu wa mwaka wa pili na wa tatu katika vyuo vikuu. Najua wapo watakaosema, mwalimu wa skuli ya msingi, tena wa shamba, anajua nini juu ya chuo kikuu? Kweli, mimi nimeishia chuo cha ualimu. Lakini wanayoyaandika vijana hao ndiyo yangekuwa chakula cha darasa langu, na mwenye njaa ana haki ya kuuliza jikoni kunapikwa nini.

Mwaka juzi alifika kijijini kwetu kijana wa mwaka wa tatu, mwenye adabu zake, akifanya utafiti wa kumalizia shahada. Nikampeleka kwa bibi mmoja aliyezaliwa Kiembe Samaki na kuolewa kwetu. Akamwamkia, akakaribishwa mkekani, akatoa karatasi ya maswali. Maswali yote yalikuwa kwa Kiingereza. Basi kijana analisoma swali kimya kimya, anajifasiria kwa taabu, anamwuliza bibi kwa Kiswahili, kisha jibu analiandika kwa Kiingereza. Watu wawili waliozaliwa na Kiswahili kinywani!

Habari yenyewe ilikuwa ya Vita vya Ng'ombe vya mwaka 1951. Kwa wasioijua, serikali ya kikoloni iliwaamuru wakulima wa Kiembe Samaki wapeleke ng'ombe wao kuchanjwa kimeta. Wakulima, ambao tayari walikuwa na uchungu wa ardhi yao kuchukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege, wakakataa. Wakakamatwa, wakahukumiwa, na umati ulipojaribu kuwafungua, askari wakapiga risasi, watu wakafa. Bibi wakati ule alikuwa msichana mdogo. Alikuwa amefika pale anapomsaidia baba yake kuwaficha ndama, kijana akatazama saa, akasema gari ya mwisho ya mjini itamwacha. Bibi akamwambia, "Mwanangu, hujasikia kitu bado." Kijana akaahidi kurudi.

Hakurudi. Nilipouliza chuoni kwake kama naweza kupata nakala ya alichoandika, niliambiwa imo maktaba, haitolewi nje, na imeandikwa kwa Kiingereza. Bibi amekwisha fariki.

Kijana yule simlaumu. Alifundishwa hivyo, na muda aliopewa ulikuwa ndio huo. Lawama yangu ni kwa mpango wa masomo unaomfanya msomi wa historia aione safari ya kijijini kama karaha ya siku moja.

Wala nisemalo si jipya. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, walitumwa vijijini kukusanya habari za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Waliongozwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa. Hawakuwa maprofesa, walikuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, kama huyu wangu wa mkekani. Waliyoyaandika kutoka vinywani mwa wazee mpaka leo yanatumiwa na kila anayetaka kuandika habari za vita vile, kwa sababu kabla yao sehemu kubwa ya maandishi ilikuwa ya Wajerumani.

Naomba wasomaji wapige hesabu nami, maana hesabu nafundisha pia. Kutoka 1905 hadi 1968 ni miaka 63. Kutoka 1951 hadi leo ni zaidi ya miaka 70. Hata Mapinduzi ya 1964 yamekwisha pita miaka 60. Wale wa 1968 waliwahi. Sisi tumeanza kuchelewa.

Watu wa chuo watanijibu kwamba zipo Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Zipo, na ni hazina. Lakini kilichoandikwa na ofisa wa kikoloni juu ya ng'ombe wa Kiembe Samaki ni upande wa ofisa. Kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu, kwa akili yangu ndogo, ndiyo hiyo: aliweke jalada la ofisa mkono mmoja na neno la bibi mkono wa pili, aone yanapopishana, aulize kwa nini. Kukariri miaka hata watoto wangu wa darasa la tano wanaweza.

Tena tusidhani historia ya Unguja yote iko Mji Mkongwe. Sehemu ya Beit el Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, nchi nzima ilishituka, na ilistahili kushituka. Mgeni akipita Forodhani huonyeshwa majumba ya masultani, akapelekwa na Mkunazini kwenye soko la watumwa lililofungwa 1873. Mgomo mkuu wa 1948, ulioanzia kwa wachukuzi wa bandarini hapo hapo mjini, haonyeshwi. Wachukuzi hawakujenga jumba.

Ninachoomba wahusika wakifikirie ni hiki. Kila mwanafunzi wa historia apewe japo wiki sita za kukaa kijijini, zihesabiwe katika alama zake. Aulize kwa Kiswahili na aandike kwa Kiswahili. Chuo kikitaka Kiingereza kwa ajili ya watahini wa nje, afasiri baadaye. Na nakala moja, hata ya kupiga chapa kwa karatasi za kawaida, iletwe katika skuli ya kijiji kile. Kabati tunalo, ingawa mlango wake umevunjika.

Kijijini kwetu wamebaki watatu wenye umri wa kuyakumbuka ya 1951. Mmoja wao hasikii vizuri, kwa hiyo atakayekuja ajue lazima akae karibu naye na aseme kwa sauti.

Mwalimu wa Skuli ya Msingi,
Wilaya ya Kati, Unguja.