Githeri ya Jumapili inaweza kumwokoa dadako Jumatano

Hebu nikuulize swali, na ujibu bila kujipendelea. Jana jioni, saa kumi na mbili, ulikuwa wapi? Na jikoni kwenu kulikuwa na nani?

Mimi nikijibu ukweli wa miaka michache iliyopita, naona aibu. Nilikuwa nimeketi mbele ya duka hapa Muthara nikipiga stori na wasee, kazi ya kuchuna miraa ikiwa imeisha. Nyumbani, dada yangu mdogo, aliyekuwa kidato cha nne katika shule ya kutwa, alikuwa amepiga magoti akipuliza moto wa kuni. Mahindi makavu na maharagwe yalikuwa kwa sufuria tangu atoke shule, na hayakuwa yameanza hata kulainika. Githeri, au muthere kama tunavyoiita kwetu, haina haraka na mtu. Tulikula saa tatu na nusu. Akaosha vyombo, halafu ndipo akafungua vitabu huku macho yakimfumba. Hivyo ndivyo alivyojiandaa kwa KCSE.

Matokeo yalipotoka, alama hazikutosha kozi aliyoitaka. Siwezi kuapa kwamba ni sufuria iliyomwangusha. Lakini pia siwezi kukudanganya kwamba haikuchangia. Na hakuna mtu aliyekuwa akimtesa. Mama alikuwa shambani mchana kutwa, mimi nilikuwa kwa hustle, na chakula cha jioni kilikuwa "kazi ya msichana". Ilikuwa kawaida tu. Hiyo kawaida ndiyo nataka tuiongelee.

Sisi watu wa Nyambene tunajua kupanga mambo kabla ya wakati kuliko tunavyojisifu. Tazama miraa. Ikichunwa, mtu tayari anajua nani atafunga mabunda, majani ya migomba ya kufungia yatatoka wapi na gari litaondoka saa ngapi, kwa sababu siku mbili tu zikipita ladha na nguvu yake zimekwisha. Hakuna anayengoja giza liingie ndipo aulize, "Kwani leo tutafanyaje na miraa?" Lakini swali la "leo tutakula nini" tunaliuliza kila siku, giza likiwa limeshaingia, na tunamuuliza mtu yule yule.

Si Muthara pekee. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Takwimu la Kenya, KNBS, mwaka wa 2021 ulionyesha kuwa wanawake hutumia asilimia 18.7 ya siku yao kwa kazi za nyumbani na za kulea zisizolipwa, na wanaume asilimia 3.6. Piga hesabu: karibu saa nne na nusu kwa mwanamke, na kwako wewe ndugu yangu, hata saa moja haifiki. Sensa ya 2019 nayo ilionyesha zaidi ya nusu ya familia nchini zinapikia kuni. Kwa hivyo usiniambie dawa ni gesi tu. Bei ya miraa ikianguka, kama ilivyotukuta Uingereza ilipoipiga marufuku 2014 na tena soko la Somalia lilipofungwa 2020, mtungi wa gesi unakaa mtupu na tunarudi kwa mawe matatu.

Pendekezo langu ni rahisi. Kazi ngumu ya mapishi ifanywe mara moja kwa wiki, ifanywe na watu wengi, na siku nyingine ibaki kazi ndogo ya kukaanga. Mama mboga wa Nairobi walilijua hili zamani. Pita mitaa kama Githurai jioni uone wanavyouza githeri na maharagwe yaliyochemshwa tayari. Mteja anafika kwake, anakata kitunguu na nyanya, na dakika ishirini baadaye watu wanakula.

Kama kwenu kuna friji yenye sehemu ya kugandisha, una bahati, itumie. Chemsheni sufuria kubwa Jumapili, bila kitunguu wala viungo. Ikiiva, usiiache usiku kucha kwa sufuria ikipoa polepole. Igawe kwa mikebe midogo, ile ya kasuku au ya aiskrimu mnayotupa, kila mkebe ukitosha mlo mmoja. Ikipoa tu iingie baridini, na isizidi saa mbili nje. Githeri, maharagwe, ndengu na mchuzi wa nyama hukaa vizuri kwenye barafu hata miezi miwili. Viazi usigandishe, vinakuwa maji maji. Sukuma na ugali pia ni vya kupika siku hiyo hiyo. Ukitoa mkebe, ipashe moto mpaka itokote kabisa, si vuguvugu. Na stima ikipotea, usifungue mlango wa friza kila dakika ukichungulia. Iliyojaa na kufungwa vizuri huhimili hata siku mbili.

Najua sasa unasema, "Boss, sisi hatuna friji." Hata sisi hatukuwa nayo. Kuna njia mbili nyingine, na zote hazihitaji stima.

Ya kwanza ni kuloweka. Maharagwe na mahindi yachaguliwe usiku na kulowekwa mpaka asubuhi. Maji hayo yamwagwe, mpike kwa maji mapya. Kuni zinapungua na muda pia, na hutahitaji kutia magadi, ambayo hulainisha haraka lakini huharibu baadhi ya vitamini.

Ya pili ni kapu la kupikia bila moto, ambalo maafisa wa kilimo wamekuwa wakiwafundisha kina mama kwa miaka mingi. Ni kapu kubwa la kawaida, ndani limezungushiwa nguo kuukuu au matambara yaliyojazwa vizuri, na mto mnene wa kufunika juu. Maharagwe yaliyolowekwa yanachemka kwa nguvu nusu saa hivi asubuhi, githeri karibu saa moja. Kisha sufuria inafunikwa na kuingizwa kwa kapu ikiwa bado inatokota. Joto lile linaendelea kupika mkiwa shambani na shuleni. Jioni unaichemsha tena na kukaanga. Tahadhari moja: usiruke kule kuchemsha kwa nguvu mwanzoni. Maharagwe mekundu yana sumu ya asili ambayo joto dogo haliiondoi, na tumbo lako litakueleza.

Kuna watakaosema chakula cha jana ni cha maskini. Mtu huyo huyo akikaangiwa githeri iliyolala anaongeza sahani. Tuache unafiki.

Lakini kizuizi kikubwa si friji wala kapu. Ni sisi. Kwetu kijana akishatoka jandoni huambiwa mambo ya jikoni kwa mama si yake tena. Naiheshimu mila hiyo, na sikuambii ukamkosee mzee adabu. Ila niambie, ni mila gani iliyokukataza kupasua kuni uani? Kuchagua maharagwe kwa ungo ukiwa umeketi nje? Kuchota maji kwa boda boda yako? Kushona kapu? Kazi nzito ya githeri iko nje ya mlango wa jikoni. Na pale sokoni, yule anayesukuma chapati hotelini unakokula mchana ni mwanamume, tena ametahiriwa kama wewe. Hujawahi kukataa chapati yake.

Nyumbani kwetu mabadiliko yalikuja dada akiwa ameshamaliza shule. Sasa kuna mdogo wetu wa mwisho, yuko shule ya upili. Jumamosi jioni mimi ndiye nachagua na kuloweka. Jumapili baada ya kanisa kuni ziko tayari, na mama anasimamia sufuria. Siku zingine kapu linafanya kazi, na kila asubuhi mimi ndiye nabandika kabla ya kwenda kuchuna. Mtoto akifika anakaanga, na kufikia saa moja tumekula. Vyombo tunaosha kwa zamu. Saa moja na nusu yuko mezani na vitabu, macho yamefunguka.

Dada yangu mkubwa alipoona hivyo mara ya kwanza alicheka, kisha akaniuliza, "Kwani hii kitu ilikuwa inawezekana siku zote?" Sikuwa na jibu.

Wewe bado unaweza kuwa nalo. Kama kwenu kuna msichana anayengoja mtihani, usimletee mafunguo ya maneno matamu ya success card mwezi wa kumi. Jumamosi hii, loweka maharagwe.